Dhoruba Aliyoitunga Reine

Mara ya kwanza nilipoiona dhoruba ile nilikuwa nachambua majani ya muhogo, na sikuogopa hata kidogo. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Reine, juu ya meza ya sebuleni kwetu hapa mtaa wa Shituru. Rangi nyekundu ilianzia upande wa mto Lufira, ikanenepa, ikaja mpaka juu ya alama ndogo nyeupe. Pembeni ya alama hiyo paliandikwa Likasi.

"Reine, hapo si kwetu?"

"Ni kwetu, kambo," alijibu. Huku Katanga bibi na babu wote huitwa kambo. "Lakini usiogope. Hii mvua ni ya kutunga. Haitanyesha ata siku moja."

Reine alisomea mambo ya hewa na mvua, kwanza Lubumbashi, kisha mbali zaidi. Sasa anafanya kazi na watu ambao hata yeye hajawahi kushikana nao mkono. Wako nchi mbalimbali na wanaongea naye kwa kompyuta. Umeme ukikatika kwetu wanamngoja bila kumkasirikia, na kwa hilo ninawashukuru ingawa hawanijui.

Alinieleza kazi yake polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kuna watu wanaotaka kutengeneza jicho la kuweka juu sana, kwenye setilaiti. Jicho hilo litatupa mwanga chini. Mwanga utagonga vumbi na vitone vidogo vinavyochukuliwa na upepo, utarudi juu umebadilika kidogo, na kwa badiliko hilo watajua upepo unakwenda mbio kiasi gani, wa juu na wa chini. Lakini jicho lenyewe ni la gharama, na ukishalirusha huwezi kulishusha ulirekebishe. Kwa hiyo kwanza wanalijaribu katika dunia ya kutunga, dunia nzima iliyo ndani ya kompyuta, yenye bahari zake na mawingu yake.

"Kama fundi anayekata gauni la gazeti kabla ya kugusa kitambaa cha kikwembe," nilisema.

"Ni vile, kambo. Katika ile dunia tunajua kila upepo, maana tumeutengeneza sisi wenyewe. Minye nachukua tu kile ambacho jicho lingekiona. Penye wingu zito naacha pengo, maana mwanga haupiti. Naongeza makosa kidogo, maana hakuna jicho lisilokosea. Halafu nawatumia wenzangu hicho. Wao banajaribu kubashiri mvua ya kesho yake bila kuiona dunia yangu."

"Na wakikaribia?"

"Wakikaribia zaidi na upepo wangu kuliko bila upepo wangu, njo tunajua jicho litasaidia."

"Unaficha, wenzako wanatafuta. Huo ni mchezo wa watoto."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Kambo, unajua ni nani anapima upepo wa juu hapa kwetu? Karibu hakuna muntu. Nchi kubwa hivi, na baluni za kupima zinazopanda ni chache sana. Mvua ikitoka Lufira, tunaijua ikishatupiga. Wenzangu banaangalia bahari kubwa na vimbunga vyake. Minye nimeweka alama ya Likasi, niangalie kwetu."

Nilirudi kwenye majani yangu. Nilifikiri nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Shida ni kwamba nilielewa peke yangu.

Dunia ile ya kutunga ilikuwa na kalenda yake, na siku zake ziliitwa kama zetu. Ikatokea kwamba dhoruba ya Reine iliipiga Likasi siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, tarehe ya wiki ileile tuliyokuwamo. Hakuna aliyepanga hivyo. Jumatatu jirani yetu Sephora aliingia kurudisha chekecheo. Sephora ni shemasi wa kanisa letu, na mwaka niliougua miguu ndiye aliyenichotea maji bila kuombwa. Reine alikuwa nje anaongea kwenye simu. Sephora akasimama mbele ya kompyuta, akaiona nyekundu ikilifunika jina la mji, akaiona tarehe.

"Mama Germaine! Hii ni nini?"

"Ni jaribio tu, mama. Si mvua ya kweli."

Akanitazama kwa huruma. Baadaye niliambiwa alidhani ninaficha ili watu wasiogope, kama wazee wanavyoficha ugonjwa. Aliinua simu yake, akapiga picha, akaaga kwa adabu zote.

Katika kanisa letu, mtu aliyeonyeshwa hatari inayowajia wengine hakai nayo moyoni. Anaisema kabla jua halijatua, hata kama sauti inatetemeka, hata kama watamcheka. Sephora alifanya alivyofundishwa. Jioni picha ile ilikuwa katika simu za Shituru yote, na maneno juu yake: *Alhamisi. Likasi, omba.*

Jumanne watu walipandisha mawe juu ya mabati ya nyumba zao. Mama mmoja wa sokoni alifunga meza yake kwa kamba mpaka kwenye nguzo. Watoto walikatazwa kwenda mbali. Na mchana, bila kutuma habari, mjukuu wangu mwingine aliingia uani na begi begani.

Arsène ni mdogo wake Reine. Anachimba Kamatanda, katika mashimo ya wachimbaji wa mikono. Mvua za kwanza zikianza wengi wanaacha, lakini wale waliokwisha kuiona matière, ndivyo wanavyoliita jiwe lenye shaba, huwa wanasema bado wiki moja, bado kidogo. Arsène alikuwa wa bado kidogo.

"Ba-creuseur, wachimbaji wote, wametoka," alisema, akitupa viatu vyake mlangoni. "Eti Alhamisi dunia inapinduka. Yaya, dada yangu, weye njo umetufukuza kazini?"

Nilimpikia bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa Lufira. Alikula, akalala sebuleni mchana kutwa mdomo wazi, na mimi nikakaa karibu naye kama nalinda kitu cha kuibwa. Baba yao, Kalenga, alikuwa mwanangu wa pekee. Aliingia shimoni Kambove siku ya jua kali. Mvua ilinyesha mbali, juu ya vilima, wao hawakuisikia. Maji yalipita chini ya ardhi na kuwakuta. Hatukumpata. Tulizika suruali na shati lake la Jumapili, na watu wa mtaa walilibeba sanduku lile jepesi taratibu, kama ni zito, ili nisione lilivyo jepesi.

Kwa hiyo dhoruba ya Reine ilinipa usingizi. Sikumwambia mtu mwingine kwamba si ya kweli.

Lakini Reine hakulala. "Kambo, picha yangu iko mu simu ya kila muntu na si ya kweli," aliniambia asubuhi ya Jumatano, macho mekundu. "Siku moja nitaonya bya kweli, na hakuna atakayesikia. Naenda kwa pasta."

"Ngoja Ijumaa, mama."

"Ijumaa watasema nini? Watasema nilidanganya."

"Mdogo wako yuko nyumbani."

Aliitazama miguu ya Arsène iliyotokeza kwenye godoro. Halafu alinishika shingo kwa nyuma, kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo na homa. "Kambo, siwezi kumufunga mudogo wangu na bongo, na uongo."

Nilivaa, nikaenda naye.

Pasta François ni mtu mpole. Alimsikiliza Reine mpaka mwisho bila kumkatiza. Katika ibada ya mchana alimpa kipaza sauti yeye mwenyewe, akawaambia vijana wa ngoma wanyamaze kwanza. Kanisa lilijaa mpaka nje. Niliona mama waliokuja na vyungu na magodoro, wamejiandaa kukaa humo mpaka Alhamisi ipite.

"Bwana asifiwe," Reine alisema.

"Amina!"

"Picha mliyoiona si maono. Si utabiri pia. Ni mvua niliyoitunga minye, kwa kujaribu chombo ambacho hakijatengenezwa bado. Ile mvua haiko angani. Haitakuja kesho."

Mtoto mmoja alikohoa. Ndipo Sephora, safu ya mbele, akainuka na mikono yote miwili juu, machozi yanamtiririka.

"Asante Yesu! Tumeifunga!"

"Tumeifunga!" kanisa lote likaitikia.

Walikuwa wamefunga kula tangu Jumatatu. Walikuwa wameomba mpaka sauti zikaisha. Kama mwenye dhoruba mwenyewe anasimama na kusema haiji tena, nani mwingine aliyeizuia? Ngoma zikalipuka, kinanda kikashika, mama mmoja akajitandaza sakafuni kwa furaha. Reine aliinua mkono, midomo yake ikaendelea kusema. Mimi nilikuwa karibu nikayaona maneno: *Sikusema hakuna mvua. Sikusema hakuna mvua.* Pasta aliinama, akamtegea sikio, akaelewa. Alijaribu kunyamazisha ngoma kwa mikono miwili, akapunga na leso yake. Lakini watu walikuwa wameshatoka uani wanacheza, na kipaza sauti kilikuwa kimechukuliwa na kijana wa kwaya.

Arsène alikuwa amesimama mlangoni, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Nabii wa ordinatere, nabii wa kompyuta!" alimwita dada yake njiani. "Unapandisha mvua, unashusha mvua! Ungekuja Kamatanda utupandishie matière."

"Arsène, sikiliza. Nilisema ile mvua ni yangu. Sikusema kesho hakuna mvua ingine."

"Sasa iko ama haiko?"

"Siyui."

"Masomo yote ile, na hauyui?"

"Hakuna anayejua. Hakuna anayepima huko juu, njo nakuambia kila siku!"

"Bon. Kama hakuna anayejua, minye naenda kuchimba. Wenzangu wote banarudi. PDG, mukubwa wa shimo letu, amepiga simu, amesema mukosi umekwisha."

Nilimwomba. Nilimwambia jina la baba yake. Alinibusu kichwani, akasema, "Kambo, bado kidogo tu," na asubuhi ya Alhamisi, kabla sijawasha makaa, godoro lake lilikuwa limetandikwa vizuri. Alikuwa amenijazia ndoo zote za maji.

Siku hiyo ilianza nyeupe na tulivu. Nilifua. Kufikia katikati ya mchana nguo hazikutikisika kwenye kamba, hata leso nyepesi. Joto lilikaa juu ya mtaa kama sufuria iliyofunikwa. Halafu upande wa Lufira wingu likaanza kujengeka, si pana, bali refu kwenda juu, likichemka ubavuni kama maziwa yanayotaka kumwagika.

Reine alitoka nje, akasimama uani mikono kiunoni. Alifungua simu yake. Ukurasa mmoja ulisema jua na mawingu. Mwingine ulisema mvua, labda. Alizifunga zote.

"Ni ile yako?" nilimuuliza. Najua lilikuwa swali la kijinga, lakini nilitaka aseme hapana.

"Yangu ilikuja asubuhi, na ilikuwa kubwa kuliko hii mara nyingi. Hii ni ya kwetu ya kawaida. Kama upepo wa juu unavuta kwenda kaskazini, itapita pembeni. Kama unavuta huku, itashuka Kamatanda. Siwezi kuona, kambo. Nimetengeneza upepo wa dunia nzima, na huu ulio juu ya kichwa changu siuoni."

Alimpigia Arsène. Simu haikuita. Chini ya ardhi hakuna mtandao.

Alipiga tena, na tena, na hapo hofu yangu ikaacha kuwa ya bibi mzee ikawa kitu chenye meno. Nilifunga kikwembe cha pili kiunoni. Nikasema, "Twende."

Kijana wa pikipiki aliniweka katikati, Reine nyuma yangu anishikilie, na kwenye kila shimo la barabara alipunguza mwendo kwa ajili ya mgongo wangu. Nilitamani asipunguze. Wingu lilikuwa linakua mkono wetu wa kulia. Kichwa chake sasa kilikuwa kimetandaa kama mwavuli, na chini yake palikuwa na rangi ya risasi.

Kamatanda udongo ni mwekundu na umetobolewa kila mahali, na vifuniko vya maturubai ya chungwa juu ya midomo ya mashimo. Wanaume walituona tukiwa mbali, wakaanza kupiga kelele.

"Mama! Simama hapo! Hapa mwanamke hafiki!"

Nilijua. Kila mke wa mchimbaji na kila mama wa mchimbaji anajua. Mwanamke akikaribia mdomo wa shimo, matière inakimbia, mshipa wa jiwe unapotea kama haukuwapo. Akiwa mdomoni hakuna anayeruhusiwa kupiga nyundo chini. Ndiyo maana hata siku ya Kalenga nilisimama barabarani, mbali, na wanawake wengine.

Mkubwa wa shimo la Arsène alikuja mbio kutuzuia. Jina lake Ruffin. Wachimbaji wanamwita PDG, kama mkurugenzi wa kampuni, ingawa hata yeye anatembea na ndala. Alivua kofia yake aliponiona.

"Kambo, karibu, lakini si hapa. Rudi barabarani, nitakuletea kiti."

"Asante, baba. Arsène iko ndani?"

"Iko chini kabisa. Wote beko chini."

"Mwite."

"Kumuita ni kazi, kambo. Ngoja jioni."

"Baba Ruffin, mvua iko nakuya," Reine alisema.

"Yako ama ya Mungu?" mmoja wa wavuta kamba aliuliza, na wote wakacheka. "Yako tuliifunga jana!"

"Ile ilikuwa yangu. Hii si yangu. Angalieni!"

Ruffin aliliangalia wingu, na niliona kwamba hakulipenda. "Itafika hapa?"

"Siyui."

"Inaweza kupita?"

"Inaweza."

"Mutoto wangu," alisema, bila ubaya, "Jumanne ulitutoa wote, hatukula. Jana umesema haiko. Leo unasema hauyui. Sasa nitoe bantu shimoni kwa neno gani?"

Reine aliligeukia tena wingu. Nilimwonea huruma. Alikuwa na ukweli mkononi, na ukweli wenyewe haukuwa na mshikio.

Basi mimi nikatembea. Sikukimbia, kwa sababu siwezi. Nilipita katikati yao na hakuna aliyenigusa. Kumvuta bibi kwa nguvu ni laana ambayo hata mchimbaji haitaki. Nilifika chini ya turubai, nikaona ule mdomo mweusi na kamba inayoingia humo, na harufu ya udongo baridi ikanipanda usoni. Ilikuwa harufu ya sanduku la mwanangu. Nikakaa chini, ukingoni kabisa, nikakunja miguu.

"Weee! Kambo! Matière itakimbia!"

"Ikimbie, mwanangu. Ina miguu kunishinda."

Wakatazamana. Kijana wa kamba akakuna kichwa. "PDG, labda si kitu. Huyu si mwanamke, ni kambo. Matière haiogopi kambo."

"Weye umeiuliza?"

"Kambo yangu alipita hapa mwaka jana kuniletea chakula."

"Na mwaka jana tulitoa nini?"

Kijana akafikiri. "Mawe matupu."

"Njo ile!" Ruffin alichuchumaa mbele yangu, kofia kifuani. "Kambo, nakuomba."

"Na mimi nakuomba, baba. Nina huyu tu wa kiume aliyebaki."

Ruffin aliinuka. Halafu akashika kamba, akaivuta kwa namna yao, akapiga kelele ndani ya shimo. "Pandeni! Wote! Kuna mwanamke mdomoni!"

Kutoka chini likaja tusi, dogo kama la mdudu.

Walianza kupanda mmoja mmoja, wekundu toka kichwani mpaka kucha, tochi zinawaka kwenye vipaji. Kila aliyetoka alinikodolea macho, akataka kukasirika, akaona mvi zangu, akaenda kukasirikia pembeni. Mimi nilikuwa naangalia nyuso tu. Huyu siye. Huyu siye.

"Arsène yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anafunga mufuko wake."

Ndipo nguo yangu ikatikisika. Kidogo tu, pindo lake. Nikageuka. Upande wa Lufira miti haikuonekana tena. Palikuwa na ukuta wa vumbi unatembea.

"Arsène!" Reine alipiga magoti kando yangu, kichwa chake ndani ya shimo. "Arsène, acha yote, panda!"

Jibu lilikuja, lakini halikuwa maneno.

Upepo ulifika kabla ya mvua. Sijawahi kupigwa na mtu, lakini nadhani ni hivyo. Turubai letu lilijaa, likalia, likang'oka na nguzo zake, likapaa juu ya mashimo mengine kama kitu kilicho hai. Mahali fulani bati lilikuwa linapigwa na kupigwa. Mchanga uliingia machoni, na mkono wa mtu, sikujua wa nani, ulinishika kiunoni nisiingie shimoni. Kisha tone, kisha matone, kisha maji yote kwa pamoja. Yalikimbia juu ya udongo mkavu bila kuzama, yakatafuta mahali pa kushuka. Yakaliona shimo letu. Niliyaona yakigeuka kulielekea, mkondo mwekundu kama nyoka. Nikaweka mguu wangu kuuzuia, ukapita pembeni.

Wanaume wanne walikuwa kwenye kamba. "Nzito!" walipiga kelele. "Ana mufuko!"

Ruffin alilala kifudifudi kwenye matope. "Acha mufuko! Arsène! Acha mufuko, ama nakata kamba!"

Sikusikia kilichojibiwa. Nilisikia kitu kikianguka kule chini, kikigonga kuta, kwa muda mrefu. Nikafikiri ni yeye. Nilifumba macho, na katika giza hilo niliona tena wale majirani wanaobeba sanduku jepesi kana kwamba ni zito.

"Vuta!"

Nilipofumbua macho palikuwa na mkono ukingoni, mwekundu, kidole kimoja kinatoka damu. Reine aliung'ang'ania kwa mikono yake yote miwili, na Arsène akatoka, akalala kwenye matope, anapumua kama samaki.

Kitu cha kwanza alichosema ni, "Mufuko wangu." Cha pili alinitazama mimi. "Kambo, umeniaibisha mbele ya bantu."

"Ndiyo, baba."

Alienda kukaa mbali, mvua inamwosha.

Mvua ilidumu kwa muda usio mrefu, kama kawaida ya mvua zetu za kwanza. Tulijibanza wote chini ya kipande cha turubai, wanaume wa shimo na mwanamke wao wa mkosi. Yule kijana wa kamba alinipa fulana yake kavu niliyoikataa, akaniwekea mabegani hata hivyo. Meno yangu yaligongana na hayakutaka kuacha.

Wingu lilipokwenda zake upande wa Kambove, jua likatoka kama hakuna kilichotokea. Mdomo wa shimo ulikuwa pale pale. Haukuwa umebomoka. Nikaona wanaume wanautazama, na nikaona wanachofikiri.

"Shimo limesimama," mmoja alisema. "Nyundo zetu zote ziko ndani."

"Na mufuko wangu," alisema Arsène, na akainuka.

Sikuwa na nguvu ya kukaa pale mara ya pili, na wote walijua. Hofu ile niliyoileta toka Shituru, niliyodhani mvua imeiosha, ilikuwa haijaondoka hata hatua moja.

Ruffin alinyosha mkono kuwazuia. Akalala tena ukingoni, akageuza sikio. Maji yalidondoka mahali fulani. Kisha, chini sana, ukasikika mporomoko mdogo, laini, kama mtu anayemwaga unga kwenye gunia. Ukaacha. Ukaanza tena.

"Ni ukuta, ama ni njia imefungwa?" kijana wa kamba alinong'ona.

Ruffin aliinuka, akajifuta tumbo, akageukia mahali ambapo sikutegemea ageukie.

"Reine. Leo iko mvua ingine?"

Wanaume wote walimtazama. Arsène pia alimtazama, kamba mkononi. Reine alikuwa ameloa, nywele zimemwangukia usoni, na niliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kwake kusema iko. Neno moja tu, na mdogo wake asingeshuka. Nilimwomba Mungu aliseme.

Aliliangalia wingu lililokuwa linaondoka, akaangalia upande wa Lufira, akaangalia juu kabisa, mahali pasipoonekana kitu.

"Siyui," alisema. "Hakuna anayejua."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Yule aliyetaja nyundo alikwaruza matope kwenye goti lake. Ruffin alivaa kofia.

"Basi hakuna anayeshuka," alisema.

"Leo?" Arsène aliuliza.

"Leo. Kesho tutamuuliza tena."

Arsène alisimama bado na ile kamba. Alivuta pumzi mara moja, mara mbili, kama mtu anayetaka kubishana. Halafu akaiachia, akaja mpaka nilipokuwa, akaweka mkono wake wenye damu chini ya kiwiko changu. Njia ya kurudi barabarani ilikuwa inateleza. Tulitembea polepole, na kila tulipopita karibu na shimo la mtu mwingine alinizungusha upande wa mbali, akabaki yeye upande wa shimo, na mimi nikaogopa kila mara mpaka tumelipita.